Mvua Zilizokomea Ishirini na Tano

Wiki ya kwanza baada ya kustaafu niliamka kila siku kabla ya jogoo, nikaoga, nikavaa, kisha nikakaa ukingoni mwa kitanda nikijiuliza naenda wapi. Wiki ya pili mume wangu aliniomba, kwa upole, niache kumpimia chumvi ya mboga. Wiki ya tatu nilitembea hadi Mfaranyaki, hapa Songea, nikanunua daftari kubwa, na sasa naanza kulijaza kwa ajili yenu mliobaki ofisini. Vyeo nilivyopanda sitaviandika. Viko kwenye faili langu, na kwa jinsi ninavyoijua masijala yetu, huenda siku moja mkalipata.

Kazi yangu ilikuwa kupima maji: yanayoanguka kutoka juu na yanayopita mtoni, kisha kuyageuza kuwa namba ambazo mtu wa barabara, wa bomba au wa shamba anaweza kuzitumia. Watu wakiniuliza nafanya kazi gani nilijibu, "Nahesabu mvua." Wengi walicheka wakidhani nawatania, nami nilizoea kuwaacha wacheke.

Siku ya kwanza kazini nilipokelewa na Mzee Luoga, fundi mkuu wa vipimo, mtu mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kuinua kichwa, akauliza, "Umesoma hesabu?"

"Ndiyo, mzee."

"Vizuri. Kabebe ndoo."

Nyuma ya ofisi kulikuwa na sakafu ya saruji yenye ukingo mdogo, mita moja kwa mita moja. Alinimiminisha lita moja ya maji pale, akanipa rula. Nikainama, nikapima kina: milimita moja. Akaniambia niyafagie yale, nimimine ndoo nzima ya lita ishirini. Milimita ishirini. Kisha akaninyooshea kidole uwanja wa mpira ng'ambo ya barabara. "Ikinyesha mvua kama hiyo uwanja ule, utahitaji ndoo ngapi?" Nilipiga hesabu kwa kalamu na karatasi, nikapata jibu, nikadhani nimekosea. Sikukosea. Nilikaa chini palepale kwenye ukingo. Tangu siku hiyo sijawahi kuitazama mvua kama mtu wa kawaida, na nyumbani kwangu wanalijua hilo.

Mzee Luoga ndiye aliyenifundisha kupima kasi ya mto kwa chungwa. Kifaa cha chuma chenye propela tulikuwa nacho, lakini kiliugua mara nyingi kuliko sisi. Chungwa huelea likiwa limezama karibu lote, upepo hauwezi kulisukuma. Unapima mita ishirini ukingoni, unalitupa, unahesabu sekunde. Unarudia mara tano na kutafuta wastani. "Na kazi ikiisha," alisema, "kipimo chako unakila. Propela hailiwi."

Mwaka ule wa kwanza mzee alivunjika mguu, akafungwa plasta. Vipima mvua vipya vilikuwa vimefika na ilibidi visambazwe vijijini kabla ya kifuku, msimu wa mvua, kuanza. Nikatumwa mimi, na dereva, na gari lililojaa makopo. Kipima mvua, kwa msiojua, ni kopo lenye mdomo wa faneli na chupa ndani. Kila siku saa tatu asubuhi msomaji, ambaye ni mwanakijiji wa kujitolea, anamimina yaliyomo kwenye glasi yenye mistari, anasoma, anaandika kwenye fomu. Nilizunguka kuanzia Mpitimbi hadi Namasakata kule Tunduru, kila kijiji nikafundisha wasomaji kwa maji ya birika, maana ilikuwa kiangazi. Nilirudi Songea nikijiona profesa.

Miaka ikapita jinsi inavyopita maofisini. Karatasi za grafu zikaisha, kompyuta zikaja. Mzee Luoga alistaafu akarudi kwao Mbinga kwenye kahawa yake. Fomu za mvua ziliendelea kuja kila mwezi kutoka vijijini, nyingine zina madoa ya chai, moja ilikuja na mguu wa panzi umebanwa katikati, nami niliziingiza kwenye majedwali moja baada ya nyingine. Ningetaka niwaambie kwamba nilikuwa nazichunguza. Ukweli ni kwamba nilikuwa nazinakili.

Basi, nije kwenye kalavati la Mpitimbi.

Karibu na Mpitimbi kuna kijito kinachokata barabara ya kwenda vitongoji vya ng'ambo. Kiangazi unaweza kukiruka. Kifuku kinakuwa mnyama mwingine. Kalavati la kwanza lilisombwa. Likajengwa la pili, nalo likasombwa, na safari hii liliondoka na tuta la barabara. Wiki ileile mama mjamzito aliyekuwa akikimbizwa zahanati alikwamia ukingoni, akajifungulia kwenye bodi ya pikapu, wanawake wakiwa wameshika kanga kumzungushia pazia. Mama na mtoto walikuwa salama. Mkunga aliyemzalisha alikuja mjini yeye mwenyewe, akasimama kwenye korido yetu na gambuti zake zenye tope, akasema, "Safari hii tumebahatika. Nimekuja kuwaambia hivyo tu." Akaondoka. Hakuna barua iliyowahi kutusukuma kama ile.

Mchoro wa kalavati la tatu ulikuwa mikononi mwa Injinia Mbawala wa upande wa barabara, kijana mnyoofu, msafi wa kazi, ambaye alipiga pasi hata fulana ya kwenda nayo saiti. Alikuja kwangu kuomba takwimu za mvua za Mpitimbi. Nilimpa. Baada ya siku mbili alirudi na uso wa mtu aliyepoteza funguo.

"Mama, nimepiga hesabu mara tatu. Kwa mvua hizi, makalavati yale mawili yalitosha kabisa. Hayakupaswa kuondoka."

"Lakini yameondoka."

"Ndiyo. Labda fundi aliiba saruji."

"Yote mawili? Mafundi tofauti?"

Akakuna kichwa. "Siwezi kuomba tundu kubwa zaidi la kupitisha maji kwa sababu ya wasiwasi, Mama. Kamati itaniuliza namba. Nina wiki mbili."

Alipoondoka nilifanya kitu ambacho nilipaswa kukifanya miaka mingi nyuma. Nilichukua takwimu zote za Mpitimbi, nikaacha kuzisoma kama orodha, nikaziweka kwenye grafu, nukta moja kwa kila siku ya mvua. Mvua, wenzangu, ina tabia. Mvua ndogo ni nyingi, za kati ni chache, kubwa ni za kuhesabu kwa vidole. Nukta zinapaswa kupungua kadiri unavyopanda juu, kama nyumba zinavyopungua ukipanda mlima. Hizi hazikupungua. Zilipanda vizuri, kisha zikafika ishirini na tano zikajipanga mstari mmoja, zimebanana kama popo kwenye dari. Juu ya mstari ule hapakuwa na kitu. Katika miaka yote hiyo, Mpitimbi haikuwahi kupata hata siku moja mvua ya milimita ishirini na sita.

Nilienda kabatini nikatoa glasi ya kupimia, ile yenye mistari. Nikaigeuza kwenye mwanga wa dirisha. Mstari wa juu kabisa uliandikwa ishirini na tano.

Kesho yake nilipanda bodaboda ya kwanza niliyoiona, maana gari la ofisi lilikuwa semina. Msomaji wa Mpitimbi alikuwa Mama Oliva Ngonyani, mkulima wa mahindi, mjane, aliyeanza kazi ile akiwa bado bibi harusi. Nilimkuta anapukuchua. Aliponiona alifuta mikono kwenye kitenge, akanikumbatia, akaniletea kigoda na kikombe cha togwa kabla sijasema lolote. Kipima mvua chake kilikuwa kimezungushiwa uzio wa mianzi, ndani yake pamefagiliwa kuliko sebule yangu.

"Mama Oliva," nilimwambia, "nionyeshe unavyopima mvua ikiwa kubwa sana."

Akatoa chupa, akajifanya anamimina. "Glasi ikijaa, naandika ishirini na tano."

"Na maji yanayobaki kwenye chupa?"

"Yale? Hayana kisanduku."

"Hayana nini?"

"Kisanduku, dada. Kwenye fomu kuna kisanduku kimoja tu kwa siku. Na wewe ulisema, ikijaa, andika ishirini na tano."

"Nani alisema?"

"Wewe. Ulikuja na birika. Ulikuwa mwembamba kweli siku zile."

Togwa ilinipalia. Nilikumbuka birika. Nilikumbuka hata rangi yake, ya kijani. Katika kiangazi kile nilimimina glasi moja kila kijiji, nikaulizwa ikijaa itakuwaje, nikajibu waandike ishirini na tano. Niliona wazi kichwani mwangu kwamba baada ya hapo wanamwaga, wanajaza tena, wanajumlisha. Niliona wazi kiasi kwamba sikusema. Makalavati mawili yalikuwa yamejengwa kwa mvua nilizozikata kichwa mimi mwenyewe kwa sentensi moja, nikiwa na miaka ishirini na kitu na haraka ya kufika kijiji kinachofuata.

Mama Oliva aliona nimebadilika rangi. Akaniuliza kama naumwa. Nikamweleza yote, kwamba kosa ni langu, kwamba miaka yote ile ya kuamka kwake na kupima tumeipoteza, kwamba mvua kubwa hatuna.

Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akainuka, akaingia ndani, akarudi na mfuko wa sandarusi uliofungwa vizuri. Ndani mlikuwa na madaftari ya shule, yale madogo, mengine yameliwa kona na mende.

"Fomu ni zenu," alisema. "Mimi nalima. Nitajuaje lini palizi ilichelewa kama siandiki mvua yote?"

Nikafungua la juu. Mwandiko wa duara, kwa penseli. *Jumanne, glasi tatu na nusu, mahindi ya bondeni yamelala. Jumatano, hakuna. Alhamisi, glasi mbili na kidogo, kuku wawili wamekufa maji.* Kurasa baada ya kurasa, mwaka baada ya mwaka. Kila mvua niliyoikata, yeye alikuwa ameiweka nzima.

Siwezi kueleza nilivyojisikia. Nilianza kulia, halafu nikaanza kucheka, naye akacheka kwa sababu mimi nacheka, mpaka jirani akachungulia juu ya uzio kuona kuna nini.

Siku nne zilizofuata niliingiza madaftari yale kwenye kompyuta, glasi kwa glasi. Kila mwaka nikauomba umtoe bingwa wake, yaani siku moja yenye mvua kubwa kuliko zote, kisha nikawapanga mabingwa kutoka mkubwa hadi mdogo. Ukifanya hivyo, hesabu inakupa njia ya kukisia mvua ambayo huja mara chache katika maisha ya mtu, hiyo ndiyo unayoijengea. Halafu nikatandaza ramani, nikaweka juu yake karatasi inayopitisha mwanga, yenye miraba, nikahesabu miraba ya vilima vyote vinavyomwagia kijito kile. Mwisho ni ardhi yenyewe. Kulipokuwa na misitu ya miombo, udongo ulikunywa sehemu kubwa ya mvua. Sasa vilima vingi vimefyekwa kwa mahindi na tumbaku, na kilima kilichofyekwa hunywa kidogo, kinachobaki kinateremka mbio. Nikazidisha. Tundu lililohitajika lilikuwa karibu mara mbili na nusu ya lile lililosombwa.

Lakini namba moja ni shahidi mmoja. Nikarudi kijijini na Injinia Mbawala, pima maji ya kusomea mteremko na kamba ya futi. Ghala la zamani lililo karibu na kijito lilikuwa na mstari wa tope ukutani, alama ya mafuriko yaliyochukua kalavati la pili. Tukapima urefu wake, upana wa bonde, na mteremko wa kijito. Kutoka hapo unaweza kukokotoa maji yaliyopita siku ile bila kuigusa mvua kabisa. Injinia alikokotoa akiwa amekaa juu ya jiwe, shati lake kwa mara ya kwanza lina tope. Alipomaliza alinigeuzia daftari lake. Nikamgeuzia langu, ukurasa wenye hesabu ya maji kutokana na mvua ya siku ileile. Njia mbili zisizojuana zilikuwa zimefika kwenye nyumba moja. Jibu lake na langu yalitofautiana kidogo sana.

"Mama," alisema, "hii ni nzuri kuliko mpira."

Kwenye kikao cha kamati niliomba niseme kabla yake. Nilisema, "Mwenyekiti, kabla ya hesabu kuna kosa, na kosa ni la kwangu." Nikaeleza birika, glasi, na ishirini na tano. Mjumbe mmoja akaandika kitu, na mpaka leo sijui aliandika nini.

Mwenyekiti akauliza kosa hilo lilifanyika lini hasa.

Injinia Mbawala akajibu kwa niaba yangu. "Mimi nilikuwa sijazaliwa, Mwenyekiti. Kwa hiyo mimi simo."

Wakacheka, na kicheko kile kiliniokoa. Kisha tukaweka madaftari ya Mama Oliva mezani. Wajumbe waliyafungua mmoja mmoja, na mmoja wao, mzaliwa wa kijiji jirani, alianza kusoma kwa sauti habari za kuku waliokufa maji. Mchoro mpya ulipita siku hiyohiyo: kalavati la boksi, matundu mawili mapana, kuta za mawe pande zote.

Mimi sikutulia. Wasomaji wote niliokuwa nimewafundisha kwa birika lile walikuwa bado wapo au wamerithisha watoto wao. Nikaanza kuwazungukia tena, kijiji hadi kijiji, nikiomba radhi na kugawa fomu mpya yenye nafasi ya kuandika glasi zaidi ya moja. Vijiji vingi mvua zilikuwa zimekatwa kweli, nazo hazikurudi. Hilo limeniuma na litaendelea kuniuma. Tumeziwekea alama nyekundu kwenye jedwali, tafadhali msizifute.

Namasakata nilifika mwisho. Msomaji wa pale ni Mzee Yasini, mwenye mikorosho na ndevu nyeupe, mtu anayeongea taratibu kama anayechambua mchele. Tulisalimiana, asalaam aleikum, waaleikum salaam, shikamoo mzee, marahaba mwanangu, habari za Songea, njema alhamdulillahi. Nikamwomba radhi kwa maneno niliyokuwa nimeshayakariri.

Akajibu, "Ulituambia ikijaa tuandike ishirini na tano. Nakumbuka."

"Ndiyo, mzee. Nisamehe."

"Nilimwambia mke wangu, binti wa watu amechoka na safari, hajui anachosema. Nikawa najumlisha."

"Unajumlisha tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza, inshallah nitakuwa sikukosea." Akanimiminia chai. "Maji yakibaki kwenye chupa, mvua haijaisha kupimwa. Hilo linahitaji semina?"

Niliporudi nikazitazama takwimu za Namasakata. Nukta zilipanda na kupungua vizuri, kama nyumba za mlimani, hakuna dari. Zilikuwa kwenye kompyuta yangu muda wote. Nilikuwa nimezinakili kwa mkono wangu.

Kalavati lilikamilika kiangazi. Kifuku kilipoanza nilikuwa na miezi michache tu ya kazi iliyobaki, na Mama Oliva akanitumia mwaliko: binti yake wa mwisho, Skola, anaolewa na kijana wa ng'ambo ya kijito. Jumamosi, mwezi wa pili. Nilidhani amekosea mwezi. Kule hakuna mtu anayepanga harusi katikati ya kifuku, kwa sababu hakuna anayejua bibi harusi atalala upande gani wa maji. Nikampigia. "Nimeandika vizuri," alisema. "Si mmejenga?"

Asubuhi ya siku hiyo mvua ilikuwa inamwagika tangu alfajiri. Saa tatu simu ikalia. "Glasi nne," alisema Mama Oliva, nyuma yake kelele za wapishi, "na chupa bado ina maji. Njooni na miamvuli." Mimi na Injinia Mbawala tuliondoka na gari hapohapo. Najua alichokuwa anakokotoa kichwani, kwa sababu na mimi nilikuwa nakikokotoa.

Baada ya misa mvua ilipungua, na msafara ukateremka kuelekea kijitoni. Maji yalikuwa ya kahawia, yanabeba matawi na mabua, yananguruma ndani ya matundu yote mawili. Injinia hakungoja mtu. Alishuka pembeni na suti yake, akalala kifudifudi ukingoni mwa zege, akanyoosha mkono chini. Aliporudi juu tai ilikuwa inachuruzika.

"Mikono miwili imebaki kati ya maji na zege, Mama. Kama tulivyosema."

Lakini msafara ulikuwa umesimama. Hakuna aliyewaambia wasimame. Ni miguu iliyozoea. Ngoma ya lizombe ilikuwa imenyamaza. Wazee walikuwa wanakunja suruali, na mashangazi wanafunga vitenge juu ya magoti, jinsi walivyofanya kila kifuku katika maisha yao. Mbele yao Skola, na shela lake, alikuwa ameinama kuvua viatu.

Mama Oliva akapenya katikati ya watu. "We Skola!" alipaza sauti. "Unavua viatu vya nini?"

"Maji, mama."

"Maji yako chini. Nimeyapima mwenyewe. Vaa viatu!"

Skola alimtazama mama yake, akautazama mto, akaanza kucheka. Akavaa viatu vyake vyeupe, akamshika mumewe mkono, akapita.